Pampu Mbili za Bi Mejumaa

Mejumaa binti Hamadi alikuwa mpika udi wa Kibokoni, na pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Watu wa Mji wa Kale wa Mombasa waliujua udi wake kabla ya kumjua mwenyewe. Ukipita uchochoroni asubuhi ukasikia harufu ya sukari inayogeuka rangi motoni, na ndani yake sandali na waridi na kitu kingine usichoweza kukitaja jina, ulijua Bi Mejumaa yuko kazini. Biharusi wengi wa mitaa ile walifukizwa kwa udi wake, na nguo zao zikakaa na harufu mpaka watoto wao wakaanza kutambaa.

Moshi ule ule uliomlisha ndio uliomfunga kifua. Alikuwa na pampu ya kuvuta, ile ya buluu, aliyoinunua kwa muuza dawa ambaye hakuwahi kumuuliza neno wala kumwambia neno. Aliificha kifuani, ndani ya nguo. Wanawake walikuwa wakisema pampu ni ya mtu aliyefika mwisho, ukishaizoea ndiyo basi. Tena alikuwa na binti, Mwanakhamis, wa miaka kumi na tisa, na hakutaka mtu aseme kwamba nyumba ile ina ugonjwa wa kurithi. Kwa hiyo akibanwa alijitenga, akajigeuza ukutani, akaishika pampu mbali kidogo na mdomo kama mtu anayejirushia marashi, akabonyeza mara tatu nne za haraka. Dawa nyingi iliishia ulimini, chungu. Kidogo iliyofika kifuani ilimtosha kwa saa chache.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata mwanawe. Kifua kilipombana sana, kabla dawa haijashika, Mejumaa alikuwa akienda mahali.

Ilikuwa nyumba ya chokaa, vyumba vimefuatana kama shanga za tasbihi, kila kimoja cheupe kuliko kilichotangulia. Sakafuni mlikuwa na maji ya uvuguvugu ya kufika kwenye vifundo vya miguu, naye alipita ndani yake bila kulowa. Kelele za mtaani, wauza samaki, kengele za baiskeli, zilimfikia kwa mbali kana kwamba mtu amezifunika kwa godoro. Katika chumba cha mwisho alikaa mamake, Bi Mwanamkuu, juu ya mkeka, amempa mgongo, ameinamia sinia ya vijiti vya udi akichambua. Hakugeuka hata siku moja. Lakini alisema. Maneno mawili matatu, kisha kimya, kisha mawili tena.

"Punguza karafuu," alikuwa akisema. "Zabadi... mwisho kabisa."

Mejumaa akirudi, pumzi ikirudi naye, alikwenda jikoni akapunguza karafuu, akatia zabadi, yale manukato mazito ya ngawa, mwisho kabisa, na udi ukawa vile ulivyotakiwa kuwa. Bi Mwanamkuu alifariki alfajiri moja Mejumaa akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa pumu hiyo hiyo, siku zile watu wakichoma majani makavu ya mnanaha wakavuta moshi wake kutafuta pumzi. Hakuwahi kumfundisha mwanawe kupika udi. Yote Mejumaa aliyoyajua, aliamini ameyapokea katika nyumba ile.

Mwezi wa Januari mwaka 1997 aliitwa kufukiza nguo za harusi nyumba moja ya ghorofa karibu na Ngome. Ilikuwa alasiri. Madirisha yalifungwa ili harufu isipotee, nguo zikatandazwa juu ya kichanja, chetezo chini yake. Mejumaa alitia udi makaani mara ya tatu, akahisi kamba inazungushwa kifuani. Akatoka mpaka ngazini, akajigeuza ukutani, akatoa pampu. Ikatoa upepo mtupu. Akaitikisa, akabonyeza tena. Upepo.

Kuta za ngazi zilianza kuwa nyeupe. Alikwisha kuona kizingiti cha kile chumba cha kwanza aliposhikwa bega.

"Kaa chini, mama. Usilale. Kaa, uiname mbele kidogo, mikono magotini. Hivyo."

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare nyeupe ya uuguzi, leso kaifunga juu yake kwa ajili ya harusi. Jina lake Kasyoka, Mkamba wa Machakos, muuguzi wa zahanati ndogo ya mtaani. Alifanya kazi pamoja na dada wa biharusi. Aliita apewe chupa tupu ya plastiki, ya maji au ya soda, na kisu. Akatoboa kitako cha chupa tundu la kadiri, akatoa pampu ya buluu kwenye mkoba wake mwenyewe, akaichomeka pale.

"Mdomo huku, kwenye shingo ya chupa. Mimi nitabonyeza, wewe pumua tu ndani ya chupa. Usiharakishe. Dawa imo humo, haikimbii."

Akabonyeza mara moja. Mejumaa akavuta, akatoa, akavuta. Kasyoka akahesabu pumzi tano, akabonyeza tena. Walikaa hivyo ngazini, wanawake wakipita na sinia za halua wakiwaruka. Baada ya muda kamba ililegea uzi mmoja mmoja, na rangi ikarudi katika kuta.

"Pampu hii ni ya nani?" Mejumaa akauliza, sauti imerudi nusu.

"Yangu. Nami ni mgonjwa mwenzako."

"Na waiweka mkobani, kila mtu aione?"

Kasyoka akacheka. "Niifiche wapi, Bi? Siku nitakayoihitaji nitakuwa sina nguvu za kuitafuta."

Jumatatu yake Mejumaa alikwenda zahanati, buibui kalivuta mpaka puani asijulikane. Kasyoka akamweka chumba cha nyuma, akatandaza mezani pampu mbili, moja ya buluu na moja ya rangi ya kahawa.

"Ya buluu umeimaliza kwa muda gani?"

"Wiki. Pengine wiki na siku mbili."

"Ina mibonyezo mia mbili, Bi Mejumaa. Ingekutosha miezi. Nitakueleza kinachotokea, maana hakuna aliyekueleza. Njia za pumzi zina mambo mawili yanayoziziba. Moja, misuli yake hukazana, kama ngumi inayofumbwa. Pili, kuta zake za ndani huvimba na kutoa ute. Hii ya buluu huifumbua ngumi. Dakika chache tu, nawe waona tofauti. Lakini uvimbe haiugusi. Saa nne zikipita ngumi yaweza kufumbwa tena, nawe unabonyeza tena, na uvimbe unazidi kila siku."

"Na hii?"

"Hii ya kahawa ndiyo dawa ya uvimbe. Asubuhi na jioni, uumwe usiumwe. Nakwambia mapema, hutaisikia ikifanya kazi. Utavuta siku tano, siku kumi, utasema Kasyoka amenidanganya. Usiache. Na ukibanwa, usiikimbilie hii, haitakuokoa saa ile. Kimbilia ya buluu. Ukimaliza kuvuta ya kahawa sukutua mdomo uteme, isikuoteshe utando mweupe ulimini."

"Nimesikia watu hudhoofika kwa kuizoea."

"Mimi naivuta mwaka wa sita. Nitazame."

Mejumaa akamtazama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mashavu ya kung'aa, na wote wawili wakacheka.

Kisha wakafanya mazoezi. Tikisa. Toa pumzi yote. Anza kuvuta polepole, na ndani ya mvuto huo huo ndipo ubonyeze, mara moja. Zuia, hesabu kumi, achia. Mejumaa alibonyeza mapema, akabonyeza kwa kuchelewa, akakohoa. Mara ya nne akaambiwa avute kama anayenusa waridi asitake kulimaliza harufu, na hapo alipata, kwa kuwa kunusa ndiyo kazi aliyoijua.

Mwezi wa Aprili pampu ya kahawa ilikosekana madukani. Kasyoka alikuwa likizo kwao, na kijana aliyeshika zamu yake akampa Mejumaa kifaa kingine cha duara pamoja na vidonge vya ganda vyenye unga ndani. "Ni dawa ile ile," akasema, na hakuongeza. Mejumaa akapachika ganda, akazungusha likafunguka, akavuta polepole kama alivyofunzwa, waridi lisimalizike. Hakuhisi kitu. Akazuia, akahesabu kumi. Maganda yenyewe aliyaweka kwenye kisahani dirishani, na unyevu wa masika ukayafanya laini kama tende. Kifua kikaanza kukwaruza tena.

Kasyoka aliporudi alifungua kile kifaa, akamwonyesha: unga ulikuwa umegandamana ndani, haujaenda popote.

"Hiki ni kinyume, Bi. Pampu ya mvuke ina nguvu yake, inairusha dawa yenyewe, wewe kazi yako kuipokea taratibu. Unga hauna wa kuusukuma. Anayeusukuma ni wewe, kwa mvuto wako. Vuta kwa nguvu, kwa ghafla, mpaka usikie ganda linapiga kelele. Na usipulizie ndani, wala usiyaache maganda hewani. Hapa Mombasa hata chumvi hulia maji."

Mejumaa alivuta kwa nguvu, ganda likavuma kama nyigu aliyefungiwa, na unga mtamu ukapita kooni.

Kufika Juni, pampu ya kahawa imesharudi madukani, alikuwa mtu mwingine. Alipanda ngazi za nyumba yake bila kusimama katikati. Alilala mpaka adhana ya alfajiri. Pampu ya buluu na ile chupa ya Kasyoka zilikaa juu ya kabati la sahani, mahali pa wazi, Mwanakhamis ameshafunzwa kuzitumia, na wiki zilipita hazikuguswa. Mwanakhamis alimsikia mamake akiimba jikoni, akatoka chumbani kuhakikisha ni yeye.

Basi ndipo Mejumaa alipogundua kuwa nyumba ya chokaa imefungwa.

Mwanzoni hakujali. Kisha akaanza kuitafuta. Alijilaza alasiri, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu zilizoingia bila taabu mpaka chini kabisa, na hakukuwa na chumba wala maji ya uvuguvugu. Ilikuwa alasiri tu, na nzi dirishani. Watu wa nyumba moja ya mtaa wa Kuze wakaja kumwagiza udi wa harusi, wakasema, "Tunataka ule wako wa zamani, Bi Mejumaa, ule wa harusi ya dada yetu." Akapika, akaonja harufu, akaona haukukaa sawa. Akapika tena. Akasimama na upawa mkononi akingojea kuambiwa. Hakuna aliyesema.

Jioni hiyo aliichukua pampu ya kahawa, akaitia ndani ya bakuli la kaure, akafunika. Hakumwambia Mwanakhamis. Alijiambia ni siku chache tu, mpaka udi wa Kuze umalizike.

Siku kumi hakikutokea kitu. Akafikiri labda ameshapona. Wiki ya tatu akaanza kuamka na mluzi mwembamba kifuani, naye aliusikiliza, Mungu amsamehe, kwa hamu, kama mtu anayesikia hatua za mgeni wake ngazini.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Sukari ilikuwa motoni, imeanza kugeuka. Kamba ikazungushwa mara moja, ikakazwa. Pampu ya buluu ilikuwa hatua sita kutoka aliposimama. Hakuifuata.

Akaingia. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, maji yale yale vifundoni, weupe ule ule. Alipita mbio, buibui likielea nyuma yake. Chumba cha mwisho mamake alikuwa pale, mgongo umegeuzwa.

"Mama," akasema, "nimekuja."

Na safari hii Bi Mwanamkuu akageuka.

Alikuwa kijana. Mejumaa hakuwa ameliwaza hilo, kwamba mamake alikufa na miaka thelathini na moja, na yeye sasa ana arubaini na tatu. Mabega ya yule mwanamke yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Shimo la chini ya koo lilizama kila alipovuta, na midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Hakuwa akichambua udi. Alikuwa ameinamia sinia kwa kuwa hakuweza kukaa wima. Na yale maneno mawili matatu, kisha kimya, ambayo Mejumaa aliyachukua maisha yake yote kuwa hekima ya mtu asiyependa kusema sana, yalikuwa maneno ya mtu ambaye pumzi haikumtosha kusema la nne.

"Fungua," mamake akasema. "Di... risha."

Mejumaa akajipapasa kifuani, ndani ya nguo, mahali alipokuwa akiificha pampu zamani, ampe. Hakukuwa na kitu. Akapapasa tena, akalia, akapapasa.

Mwanakhamis alimkuta sakafuni karibu na jiko, sufuria inaungua, mamake anajipapasa kifua kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alizima moto, akafungua madirisha, akamkalisha mamake kiti cha kuegemea, akaileta pampu ya buluu na ile chupa. Mbonyezo mmoja, pumzi tano. Mbonyezo mmoja, pumzi tano. Alipofika mbonyezo wa kumi akaona midomo bado haijarudi rangi, akachungulia dirishani.

Chini uchochoroni alikuwako Baya, muuza maji, na mkokoteni wake umejaa mitungi ya plastiki.

"Kaka Baya! Mama anakata roho!"

Baya alishusha mitungi yake pale pale, mingine ikapinduka na maji yakatiririka uchochoroni. Akapanda mbio, wakamteremsha Mejumaa, wakamkalisha mkokotenini, Mwanakhamis nyuma yake akimshikilia na chupa mdomoni, na Baya akakimbia. Gari haliwezi kupita vichochoro vile, lakini mkokoteni unapita. Watu walijibanza kutani. Mejumaa aliona vibaraza vikipita, milango ya kuchongwa, paka, utepe mwembamba wa mbingu juu, na hakujua kama ni mtaa wake au bado ni nyumba ya chokaa. Barabarani wakapata teksi mpaka hospitali.

Kesho yake jioni Kasyoka alikuja wodini akiwa bado na sare. Mejumaa alikuwa amevuliwa barakoa ya mvuke, amekalishwa kwa mito mitatu.

"Sista," akasema, "usinigombeze."

"Sijasema kitu."

"Niliiacha mwenyewe. Ya kahawa."

"Najua. Mwanakhamis ameiona bakulini. Nilitaka uniambie sababu."

Mejumaa akamwambia. Alimweleza nyumba ya chokaa, vyumba, maji, sinia, tangu utoto wake mpaka jana. Ilichukua muda, kwa kuwa alipumzika katikati. Kasyoka hakucheka, wala hakusema kwamba ni ubongo uliokosa hewa, ingawa huenda aliliwaza hilo.

"Alikuwa anakufa, Sista. Miaka yote ile mimi namuuliza mambo ya karafuu, na mwenzangu anakufa." Akajifuta uso kwa upindo wa shuka. "Dawa hizi hazikuwako?"

"Hazikuwako. Ya kahawa haikuwako duniani wakati ule. Ungekuwa mkubwa, ungekuwa na akili zako zote, bado usingekuwa na cha kumpa."

Mejumaa akageukia ukuta, akalia kwa muda mrefu, kilio cha msiba wa miaka thelathini na mbili ambacho mtoto wa miaka kumi na mmoja hakujua kukilia. Kasyoka alikaa pale pale, kamshika kisigino kupitia shuka, mpaka kengele ya wageni ikapigwa, naye kwa kuwa ni muuguzi hakuambiwa aondoke.

Aliporudi nyumbani, pampu ya kahawa ikatoka bakulini, asubuhi na jioni kama zamani, na Mejumaa akatoa amri mbili. Kupika udi kukahamia juu darini, kwenye uwazi, na aliyeshika upawa akawa Mwanakhamis. Yeye alikaa upande unakotoka upepo, akanusa kwa mbali na kuamuru. Na kufukiza vyumba vilivyofungwa akakataa kabisa. "Fungueni dirisha," alisema, "au mtafute mwingine." Wengine walitafuta mwingine.

Udi wa Kuze aliumaliza bila kuambiwa na mtu. Aliamuru karafuu, akasita, akaamuru nyingine, akafikiri ameharibu. Mama wa biharusi alichoma kidogo, akafumba macho.

"Huu si ule wa zamani," akasema.

"Si ule," Mejumaa akakubali.

"Huu mwingine ni wa nani?"

Mejumaa akasema ni wake. Yule mama akachukua wote, lakini dada yake alinung'unika mpaka mlangoni kwamba ule wa zamani ulikuwa bora, na pengine ni kweli.

Wanawake wakaanza kumvuta pembeni harusini. Mmoja alikuwa na mtoto wa miaka sita anayekohoa kila alfajiri. Mwingine alitoa pampu kutoka kifuani, ya buluu, karibu tupu, akauliza kwa kunong'ona kama ni kweli kuna ya rangi ya kahawa. Mejumaa hakunong'ona. Aliwaambia waende kwa Kasyoka, na wakiwa na haya, angewasindikiza.

Jumapili moja baada ya mvua kubwa za mwaka ule kutulia, yeye na Kasyoka walikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo. Walinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakala wakitembea. Watoto walikuwa wakipiga mpira kati ya mibuyu, bahari inavuma chini ya miamba.

"Na mamako?" Kasyoka akauliza. "Bado wamtafuta?"

Mejumaa alitafuna, akafikiri. "Namtaka kila siku. Zamani nilijua pa kumpata. Sasa namwombea dua kama watu wengine, na sijui kama anasikia." Akapangusa pilipili vidoleni. "Juzi Mwanakhamis aliniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikakuta ninamkumbuka akicheka. Kitu hicho nilikuwa sinacho."

Walifika mwinuko wa njia. Kasyoka akasimama, mkono kiunoni, akasema ni mihogo, ameshiba mno. Mejumaa alikuwa ameshapanda nusu, anasema jambo jingine kuhusu bei ya zabadi, na hakugundua kwamba yuko peke yake mpaka alipofika juu bila kuhema, akageuka.